Nilivyoliingiza bao la Mikindani kwenye simu

Mzee aliirudisha simu kabla hajamaliza hata mchezo mmoja. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kijiwe chao cha bao, kwenye genge la mama anayekaanga mihogo, nimeagiza chai ambayo sikuweza kuinywa. Sikusikia alichosema. Nilimwona tu akitikisa kichwa, akamwekea mjomba simu mkononi, akageukia bao lake la mti lililokuwa likimsubiri. Mjomba alivuka barabara, akaketi jirani yangu, akashusha pumzi.

"Mwanangu, wamelikataa. Wanasema hili ni bao la watoto."

Miezi saba ya kutengeneza gemu ya bao ilikuwa ndani ya ile simu. Nililia ndani ya daladala kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini, nimejifunika mtandio usoni ili konda asinione.

Naandika haya kwa sababu haipiti wiki bila kijana kuja steshenari ninakofanya kazi, karibu na Soko Kuu, akaniuliza: dada, nataka kutengeneza gemu, ninunue kompyuta gani? Jibu langu ni refu kuliko anavyotarajia, na nyuma yake kuna foleni ya watu wanaotaka kopi za vitambulisho. Basi nalitoa lote hapa, pamoja na hesabu ya fedha zilizonipotea.

Nilianzia kwenye kucheza. Free Fire ndiyo iliyonishika, maana inakubali hata simu ya RAM ya GB 2 kama niliyokuwa nayo, kisha eFootball kwa ajili ya kushindana na kaka zangu. Mwaka 2021 minada ya korosho ilipoanza, kazi za kuchapa na kujaza fomu zilitujaa, nikashika fedha ambayo sikuwahi kuishika tangu niajiriwe. Nikaamua kununua simu ya gemu. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba kinachonifanya nife mapema kwenye kila mechi ni simu mbovu.

Nilimpata muuzaji wa Dar es Salaam mtandaoni. Shilingi 780,000, mtumba, "kama mpya". Nikaongeza feni ndogo ya kupooza simu 35,000 na pedi ya kushikia 60,000. Simu ilikuja kwa basi la usiku. Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha ya mtu aliyehamia nyumba mpya. Wiki ya tatu mfuniko wa nyuma ukaanza kuinuka upande mmoja. Fundi aliifungua mbele yangu: betri imevimba, na gundi ya kiwandani haipo, maana yake ilishawahi kufunguliwa na mtu mwingine. Muuzaji alipoona picha alinifungia mawasiliano. Betri nyingine na ufundi vilinila 70,000. Mwaka uliofuata niliiuza simu ile kwa 350,000. Ukijumlisha, nilipoteza 595,000, na mechi nilizoshinda hazikuongezeka.

Hazikuongezeka kwa sababu tatizo halikuwa kwenye simu. Gemu ya kushindana na watu wa mbali inategemea seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mchezo, na kila unapogusa kioo ujumbe husafiri hadi kwenye seva hiyo na kurudi. Mchezo wenyewe huonyesha muda huo kwa milisekunde pembeni ya kioo, nami usiku nilikuwa naona 180, siku nyingine 220. Simu ya bei mbaya inachora picha vizuri zaidi, lakini njia ya kwenda kwenye seva inabaki na urefu uleule. Kama na wewe unalalamika kwamba gemu inakwama, tazama kwanza ile namba kabla hujafungua pochi.

Na kama ni lazima ununue mtumba, usinunue simu ambayo hujaishika mkononi. Ilaze kifudifudi mezani uone kama mgongo umelala sawa. Piga *#06# upate namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Utajibiwa simu hiyo ni ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine tofauti na uliyoishika, mrudishie mwenyewe.

Bao lilikuja kwa njia ya msiba. Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka 2022, na katika vitu alivyoviacha kulikuwa na bao lake, ambalo lilikwenda kwa mjomba. Sisi wajukuu babu alitufundisha kwa mashimo ya kuchimba mchangani, na kete zetu zilikuwa komwe tulizookota wenyewe. Kwenye arobaini nililiona lile bao limeegemezwa ukutani, nikawaza kwamba tangu niondoke Mikindani sijacheza hata mara moja. Usiku nikatafuta bao kwenye simu. Mengi niliyoyapata yalikuwa ya safu mbili, mashimo sita sita, yanayofanana na mchezo wetu kwa mbali sana. Bao la kwetu lina safu nne za mashimo manane, mashimo 32, kete 64. Nikajiambia: nitalitengeneza mwenyewe.

Januari 2023 nilinunua laptopu ya mtumba ya RAM ya GB 4 kwa 420,000. Safari hii niliiona kwanza, nikaiwasha, nikaichezea saa nzima dukani. Kosa lilikuja baadaye. Video zote nilizotazama zilitaja Unity, programu ya kutengenezea gemu, kwa hiyo nikaanza kuishusha. Bando la GB 10 liliisha kabla kazi haijakamilika, na hata ingekamilika laptopu ile isingeimudu. Mwezi uliofuata nikaifahamu Godot, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Ni ya bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu, na faili lake la kushusha halifiki MB 100. Yale mafaili ya kutolea gemu kwenda kwenye Android ni mazito kuliko Godot yenyewe, kwa hiyo yashushe kwa bando la usiku, tena mara moja tu, uyahifadhi kwenye flashi. Godot 4 ilipotoka Machi 2023 niliijaribu ikagoma, kwa kuwa kadi ya picha ya laptopu yangu ni ya zamani mno. Nikarudi kwenye toleo la 3.5 na ndilo ninalolitumia hadi leo. Wapo watakaokuambia toleo la zamani halifai. Kwa gemu ya mashimo na kete linafaa kabisa.

Sasa nije kwenye kosa lililonitoa machozi kwenye daladala. Kati ya ile miezi saba, karibu mitatu niliitumia kuchora. Nilichora mti wa mpingo, nikachora nakshi za Kimakonde pembeni mwa ubao, nikachora kivuli cha kila kete. Kanuni za mchezo niliziandika kwa siku nne, kutoka kichwani, kama babu alivyotufundisha: kila shimo kete mbili, anza. Sikujua kwamba babu alikuwa akitufundisha bao la kujifunza. Wakubwa hawaanzi hivyo. Kila mchezaji anaanza na kete kumi tu ubaoni, sita kwenye shimo liitwalo nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayolifuata upande wa kulia, na kete 22 zinabaki mkononi. Zile za mkononi anaziingiza mojamoja kila zamu, hiyo ndiyo kunamua, na zikiisha ndipo mnaingia kwenye mtaji, hatua ya pili ya mchezo. Gemu yangu haikuwa na namua, haikuwa na nyumba. Mzee alikuwa sahihi. Ningeanza kwa kumwonyesha mtu mzima karatasi moja ya kanuni zangu ningelijua hilo siku ya tano.

Ukitaka kutengeneza gemu, acha kuchora. Bao ndani ya kompyuta ni orodha ya namba 32. Shimo la kwanza lina ngapi, la pili lina ngapi, mpaka mwisho. Ziandike kwenye kioo kama namba tupu, zichezeshe, zikikupa majibu sahihi ndipo utafute rangi.

Ila kanuni zenyewe nilizipataje? Kile kijiwe ni cha wanaume, wengi wao umri wa babu yangu, na mimi kwenda kuketi katikati yao na daftari kungewakosesha raha, kukanikosesha raha na mimi. Mjomba akawa mguu wangu. Kwanza nilimpa maswali kwenye karatasi akawaulize. Alirudi na majibu yanayopishana, maana wazee hawana mazoea ya kueleza kanuni. Wanazicheza. Ukimuuliza mtu kwa nini kete zile amezianzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu, upande wa kushoto, anakutazama kama umemuuliza kwa nini anapumua.

Ndipo nikapata wazo ambalo nadhani ni bora kuliko yote niliyowahi kuyapata katika kazi hii. Nilimwomba mjomba awaombe ruhusa awapige video kwa juu, mikono na ubao tu bila sura. Wakakubali. Alinipigia michezo mitatu mizima. Usiku, kwa wiki mbili, niliitazama ikienda polepole, nikaandika kila zamu kwenye daftari la kaunta: nani kacheza, shimo gani, upande gani, ubao ukabakije. Kisha nikaipa programu zamu zilezile nikaangalia kama ubao wake unabaki kama ubao wa kwenye video. Zamu ya tatu tu ukatofautiana. Nikarekebisha. Zamu ya tisa ukatofautiana tena. Kila tofauti ilikuwa kanuni moja ambayo hakuna aliyeniambia. Kwamba ukila kwenye kichwa au kimbi, yaani shimo linalofuata kichwa, kete unazianzia kwenye kichwa cha upande huohuo, huna hiari. Kwamba ukitakata, yaani umecheza bila kula, na kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, unalala hapo, yaani zamu yako imekwisha. Kwamba katika mtaji shimo lenye kete zaidi ya 15 halianzishi kula. Ile michezo mitatu bado ninayo, na kila ninapogusa msimbo naipitisha yote upya kabla sijalala.

Kuna kanuni moja ambayo wazee wawili hawakukubaliana hata baada ya mjomba kuwarudia mara tatu. Sikujifanya mwamuzi. Nimefuata ya walio wengi pale kijiweni, na ya pili nimeiweka kwenye mipangilio.

Novemba 2023 diski ilikufa. Wenyeji wa huku mnakumbuka mwaka ule. Mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, ilikuwa bado inategemea mtambo wa gesi wa hapahapa Mtwara bila kuungwa na gridi ya taifa, na umeme ulikuwa unakatika na kurudi mara kadhaa kwa siku. Betri ya laptopu ilikuwa haishiki chaji, kwa hiyo kila umeme ulipokatika na kompyuta ilizimika papo hapo. Siku moja haikuwaka tena. Fundi alijaribu, akaniambia sauti ile ya kugongagonga ndani ndiyo kwaheri ya diski. Nakala yangu ya mwisho kwenye flashi ilikuwa ya wiki saba nyuma.

Wiki saba za msimbo niliziandika upya kwa wiki tatu, kwa sababu daftari la kaunta lilikuwepo na kichwani vitu vilishakaa. Jambo lililoniuma zaidi ni faili dogo la ufunguo. Ukitoa gemu ya Android unaitia sahihi kwa ufunguo wako, na simu haikubali toleo jipya lenye sahihi nyingine. Watu kumi na moja niliokuwa nimewagawia gemu kwa mkono ilibidi waifute kabisa ndipo waweke mpya, na rekodi zao zote za ushindi zikapotea. Mdogo wangu wa mwisho alininunia siku mbili. Tangu hapo kila usiku nafunga folda nzima katika faili moja, halifiki MB 40, najitumia kwa barua pepe. Ufunguo upo sehemu tatu, mojawapo ni flashi iliyo kabatini kwa mama. Diski mpya, ile isiyo na sahani inayozunguka, ilinigharimu 85,000, na ningeshauri uiweke siku ileile unaponunua laptopu ya mtumba, maana hata kasi inabadilika.

Mwaka 2024 ulianza vizuri. Niliandika sehemu ya kompyuta kucheza yenyewe, na usiku nikawa naiacha ikicheza na nafsi yake ili nione kama itakwama. Mwishoni mwa Aprili nikaamka nikaikuta imeganda. Zamu moja ya mtaji ilikuwa inaendelea tu, kete zinachotwa, zinasambazwa, zinachotwa. Nikajua nimekosea mahali. Nilisoma mistari ile mara ishirini. Nikaandika ubao ule kwenye daftari, shimo kwa shimo.

Halafu chaja ikaungua. Niliyoagiza kutoka Dar ilikuwa njiani Kimbunga Hidaya kilipopiga mwanzoni mwa Mei. Barabara ilikatika Somanga, mabasi yakakwama. Chaja hapa mjini ilipatikana ya bei mara mbili, nikaamua kusubiri. Tarehe 12 Mei nyaya za intaneti za baharini nazo zikakatika, hata kutafuta msaada mtandaoni ikawa shida. Nikabaki na daftari.

Jumapili nilikwenda Mikindani, nikamwomba mjomba bao la babu. Niliupanga ubao ule ulioganda, komwe kwa komwe, nikaucheza kwa mkono. Mama alikuwa anahesabu michoto. Nachota, nasambaza, ya mwisho inaangukia penye kete, nachota tena. Haikuangukia shimo tupu hata mara moja. Tulipofika mchoto wa 140 mama akasema, "Hebu pumzika, mkono utakuuma." Msimbo wangu ulikuwa sahihi! Bao lenyewe lina michezo isiyolala. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Uholanzi walishalichunguza jambo hilo. Mjomba aliwauliza wazee, mmoja akajibu kwamba ikikutokea mkono ukachoka, mnapatana mnaacha.

Kompyuta haichoki, kwa hiyo ilinibidi niipe njia ya kujua. Baada ya kila mchoto inaandika ubao ulivyo na shimo ilipo. Ikikuta hali ileile kabisa imejirudia ndani ya zamu moja, basi haitatoka humo kamwe, inasimamisha zamu na kumwambia mchezaji kwamba mtaji hauna mwisho. Nawaambia wanaoanza: ukipata hitilafu usiyoielewa, ifanye kwa mkono, kwa vitu vya kushikika. Nilichokiona kwenye ubao wa babu kwa mchana mmoja sikukiona kwenye kioo kwa wiki nzima.

Tatizo lililofuata lilikuwa kufikiri kwa kompyuta. Ili ichague, inajaribu kila mchezo wake, na kila jibu lako, na kila jibu lake kwa jibu lako. Kwenye bao zamu moja inaweza kuwa na michoto mingi, kwa hiyo hesabu inakuwa nzito haraka. Kwenye laptopu ilichukua sekunde mbili. Kwenye ile simu yangu ya zamani ya GB 2 ilichukua sekunde kumi na moja, na simu ikapata moto. Ingekuwa bado ninayo ile simu ya gemu nisingeligundua hilo, na hapa ndipo nilipoacha kuijutia. Jaribu gemu yako kwenye simu dhaifu kuliko zote ulizonazo ukooni. Sasa nimeipa kompyuta sekunde mbili, zikiisha inacheza mchezo mzuri kuliko yote iliyoiona hadi hapo.

Julai mjomba aliipeleka tena kijiweni. Mimi genge lilelile, mihogo ileile. Wakati ule niliona kama ni hasara kwamba siwezi kuketi nao nikawaelekeze, na kumbe ndiyo faida kubwa niliyoipata. Ningekuwepo ningesema: babu, bonyeza hapa, geuza simu hivi. Kwa kuwa sikuwepo, simu iliachwa ijieleze yenyewe, na mimi nikaona kila mahali iliposhindwa. Mzee aliishika wima, mimi nilikuwa nimeichora ya kulala. Alilikinga jua kwa kiganja kwa sababu rangi zangu za mpingo ni za giza, haoni kitu. Vile vimishale vya kushoto na kulia nilivyovichora hakuvigusa. Aliweka kidole kwenye shimo akakiburuta upande anaoutaka, kama anavyochota kete. Na alipokula, kete zilikimbia mno, akainua simu karibu na macho, akaiweka chini.

Nikayabadilisha yote. Ubao ukasimama wima, ukawa wa rangi ya mti mweupe. Mishale nikaifuta, kidole kinaburuta. Kete inaanguka moja moja, kwa sauti. Sauti hiyo niliirekodi kwa simu nyumbani kwa mjomba alfajiri, kabla ya pikipiki kuanza, kwa komwe za babu kwenye bao la babu. Namba nilizokuwa nimeziandika juu ya kila shimo nazo nikaziondoa, kwa kuwa mjomba alinieleza kwamba wazee hawahesabu namba, wanaliangalia fungu. Shimo linaonyesha kete zenyewe, na namba inatokea pale tu fungu linapokuwa kubwa.

Agosti 2024 nikaenda kwenye Google Play. Kufungua akaunti ni dola 25, mara moja tu, na kwangu zilikuwa kama shilingi 68,000 kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Malipo yalikataliwa mara mbili kwa sababu niliweka kiasi kamili bila cha ziada cha makato. Kisha uhakiki: majina uliyoandika yalingane na ya kitambulisho, na mimi nilikuwa nimeandika mawili wakati cha NIDA kina matatu. Weka yote matatu tangu mwanzo.

Kizito zaidi ni wajaribuji. Akaunti binafsi zilizofunguliwa tangu Novemba 2023 zilitakiwa kuwa na watu 20 wanaoijaribu gemu siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Nilidhani watu ni rahisi. Kumbe kila mmoja anahitaji barua pepe ya Gmail, na wengi wa rika la mjomba hawaijui ya kwao, kwa sababu walifunguliwa na kijana wa dukani siku waliponunua simu. Nilikaa na mtu mmoja mmoja steshenari, tukaitafuta kwenye mipangilio, tukaiandika kwenye karatasi aweke kwenye pochi. Nilipata 23. Siku ya kumi na moja niliangalia nikakuta wamebaki 17. Simu zao zilijaa, wakaifuta na kujitoa kwenye majaribio. Ilinibidi nianze upya. Desemba masharti yakashushwa hadi watu 12, na nikapita. Ila usikusanye 12 kamili. Kusanya 20, na wapigie simu siku ya saba.

Kwa wiki mbili niliweka matangazo. Fedha haitolewi mpaka ifike dola 100, nami nilikuwa naona senti. Kisha mzee mmoja akagusa tangazo bila kukusudia, likampeleka kwenye video, bando lake la siku likaisha. Alimwambia mjomba kwa upole tu, kwamba gemu ya mjukuu imemlia bando. Niliyaondoa usiku uleule na sijayarudisha. Gharama zangu zote bila ile simu ya kwanza zimefika kama 620,000, tukiacha bando la kila mwezi, na gemu haijaniingizia kitu. Nasema hivi ili anayefikiri atalipia kodi ya nyumba kwa gemu ya kwanza ajue alipo.

Mzee aliyelikataa bao langu hachezi kwenye simu pale kijiweni, anasema bao la mti lipo kwa nini ashike kioo. Lakini mjomba anasema usiku, umeme ukikatika, anacheza na kompyuta mpaka chaji iishe. Wiki iliyopita alituma ujumbe kwamba kompyuta yangu inakosea kwenye kutakatia, ina shimo moja inaliachia wakati limefungwa na halitakiwi kuchezwa zamu ile. Nikamuuliza kupitia mjomba: shimo gani, na ubao ulikuwaje? Nilifikiri nitasubiri sana.

Picha imefika jana saa nne usiku. Ameupanga ubao wote kwenye bao la mti, juu ya mkeka, kwa mwanga wa tochi, kete zote 64 mahali pake, na kidole chake kimelala kwenye shimo la tatu kutoka kushoto.